Injini ya petroli imegoma kuwaka? Usinunue kitu kwanza

Saa moja na nusu asubuhi, ukingo wa mto Pangani, nje kidogo ya mji wa Korogwe. Mjomba wangu ameshavuta kamba ya pampu ya maji mpaka mkono unatetemeka. Injini inazunguka mara mbili, inatoa pumzi, inanyamaza. Anavuta tena. Kimya.

Nyuma yake kuna nusu eka ya nyanya zilizohamishwa kutoka kitaluni siku nne zilizopita. Ni Januari. Vuli imeisha, masika bado miezi miwili, na jua la Korogwe wakati huo halina masihara. Mche wa nyanya wenye siku nne shambani bado una mizizi mifupi. Siku moja bila maji utavumilia, ya pili kwa taabu, ya tatu usiulize. Na maji yako palepale, hatua chache chini yake, yanapita kwenda baharini.

Mpaka nafika pale, mjomba alikuwa ameshatumia pesa mara mbili. Kwanza plagi mpya, shilingi 4,000. Halafu fundi mmoja akamwambia koili imekufa, akatoa 45,000 nyingine, koili mpya ikafungwa. Injini haikubadilika hata mlio.

Unajua ushauri wa plagi ulitoka wapi? Kwangu, kwa simu. Nina shahada ya uzamili, na nilichomwambia mjomba kilikuwa ni kubahatisha tu, sawasawa na fundi wa koili. Tofauti ni kwamba kubahatisha kwangu kulikuwa kwa bei nafuu.

Basi makala hii ni kwa ajili yako mwenye pampu, jenereta, au bodaboda ya zamani yenye kabureta. Tutaona injini ndogo inataka nini ili iwake, namna ya kuihoji bila kununua kitu, kisha tutarudi mtoni kwa mjomba. Baadaye tutapanda Handeni, ambako wiki hiyohiyo jenereta ya binamu yangu iligoma vilevile, ila kwa sababu nyingine kabisa.

Injini inataka vitu vitatu

Injini nyingi za pampu na jenereta zinafuata mzunguko wa mipigo minne ambao Mjerumani Nikolaus Otto aliufanikisha mwaka 1876. Pistoni inashuka na kuvuta mchanganyiko wa hewa na petroli. Inapanda na kuukandamiza. Plagi inatoa cheche, mchanganyiko unaungua, pistoni inasukumwa chini kwa nguvu. Inapanda tena na kutoa moshi. Kisha tunaanza upya.

Kutokana na hapo, mahitaji yake ni matatu.

La kwanza ni mchanganyiko sahihi. Gramu 1 ya petroli inahitaji karibu gramu 15 za hewa ili iungue yote. Yaani lita 1 ya petroli, yenye uzito wa gramu 740 hivi, inakula karibu kilo 11 za hewa, ambazo ni zaidi ya lita 9,000. Kwa injini, hewa ndiyo ugali na petroli ni kitoweo. Ndiyo maana filta ya hewa iliyozibwa na vumbi inaweza kuizima kabisa. Na uwiano una mipaka yake: mvuke wa petroli ukiwa chini ya asilimia 1.4 ya hewa hauwaki, na ukizidi karibu asilimia 7.6 hauwaki pia. Kidogo mno ni tatizo, kingi mno nacho ni tatizo.

La pili ni mgandamizo. Pistoni inapopanda, mchanganyiko unabanwa mpaka kubaki na sehemu moja ya nane hivi ya nafasi uliyokuwa nayo. Ukivujia kwenye valvu au pembeni ya pistoni, joto na shinikizo havifiki panapotakiwa.

La tatu ni cheche yenye nguvu, kwa wakati wake. Kwenye injini hizi za kuvuta kamba hakuna betri ya kuwasha plagi. Chini ya kifuniko cha kamba kuna gurudumu zito, mafundi wanaliita flaiwili, lenye sumaku. Kila sumaku inapopita mbele ya koili, umeme unazaliwa, na koili inaupandisha mpaka zaidi ya volti 10,000 ili uruke pengo la plagi.

Mchanganyiko, mgandamizo, cheche. Vikikutana vitatu kwa wakati mmoja, injini itawaka, haina hiari. Kama haiwaki, angalau kimoja hakipo. Kazi yako ni kujua ni kipi kabla ya kufungua pochi.

Kwa nini kubahatisha ni ghali

Tuseme kuna sababu 8 zinazoweza kuizima injini yako, na zote zinalingana uwezekano. Ukinunua kifaa kimoja na kukijaribu, umeuliza juu ya sababu 1 tu. 7 bado zipo. Ukiwa na bahati mbaya utanunua karibu duka zima.

Lakini swali zuri linakata orodha katikati. Sababu 8 zinabaki 4, kisha 2, kisha 1. Maswali matatu. Na mengi ya maswali hayo ni ya bure: unaangalia, unanusa, unavuta kamba.

Kuna kanuni nyingine mbili za kwenda nazo. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo injini ikiwaka hutajua nini kimeiwasha. Na kabla ya kushika spana, uliza: mara ya mwisho iliwaka lini, na tangu hapo nini kimebadilika? Daktari hakuandikii dawa kabla hajakuuliza umeanza kuumwa lini. Injini nayo ina historia.

Nilimuuliza mjomba swali hilo.

"Sijabadilisha kitu," akasema. "Jana jioni niliishusha tu huku chini kidogo, maji ya mto yamerudi nyuma."

Nikatikisa kichwa na kuendelea. Sikulisikia jibu, ingawa lilikuwa limeshatoka mdomoni mwake. Lishike hilo, tutalirudia.

Anza na macho

Kabla ya kifaa chochote, pitia mambo haya. Yanachukua dakika tano, na usione aibu, hata mafundi wazoefu hukamatwa hapa.

Swichi iko upande wa kuwasha? Koki ya petroli imefunguliwa? Ndani ya tangi kuna petroli kweli, au umekumbuka ya wiki iliyopita? Choki imefungwa kama injini ni ya baridi? Injini ya baridi haiwezi kugeuza petroli yote kuwa mvuke, sehemu yake inabaki matone kwenye kuta za bomba, kwa hiyo unapunguza hewa kwa muda ili mvuke utoshe. Ikishapata moto, choki ifunguliwe.

Filta ya hewa ni safi? Oili imefika kwenye alama? Kitundu cha hewa kwenye mfuniko wa tangi hakijaziba? Kikiziba, petroli inashindwa kushuka, kama vile maji ya dumu lililotobolewa tundu moja tu. Legeza mfuniko, vuta tena, uone.

Halafu kitu kimoja cha kwetu: mashine ilisafirishwaje? Pampu ikipakiwa kwenye bodaboda imelala ubavu kwa kilomita kadhaa, oili inaingia kwenye silinda na kwenye filta ya hewa. Ukifika shambani kamba haivutiki. Usilazimishe. Toa plagi, simamisha mashine, vuta taratibu mpaka oili itoke, pangusa, rudisha.

Muulize plagi

Baada ya kuvuta kamba mara saba au nane, fungua plagi na uitazame ncha yake. Hapa ndipo orodha inapokatwa vipande viwili.

Plagi ikiwa kavu kabisa, haina hata harufu ya petroli, basi petroli haifiki kwenye silinda. Tatizo liko njiani: tangi, koki, bomba, au kabureta.

Plagi ikiwa imelowa petroli, basi petroli inafika, na huenda imezidi. Ama injini imefurika, ama cheche haipo, na kila unapovuta unaongeza petroli isiyoungua.

Kabla ya kuirudisha, angalia pengo lake. Kwenye injini nyingi za cc 160 hivi, pengo ni milimita 0.7 hadi 0.8. Huna kipimo? Kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.76. Ikipita kwa kugusagusa kidogo, umepatia.

Sasa jaribu cheche. Kwanza sogeza dumu la petroli mbali, pangusa petroli iliyomwagika, na ziba tundu la plagi kwa kitambaa, kwa sababu mvuke unaotoka humo unaweza kuwaka. Ingiza plagi kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye chuma cha injini mbali na tundu, shika kwenye mpira wa kofia, kisha mwenzako avute kamba kwa nguvu. Fanya kivulini, mchana kweupe cheche haionekani vizuri. Na avute kweli: sumaku ikipita polepole mbele ya koili, umeme unakuwa hafifu.

Cheche ya bluu inayolia "tak" ni nzuri. Ya njano na nyembamba itilie shaka. Hewa ya kawaida inahitaji karibu volti 3,000 kwa kila milimita 1 ili cheche iruke, na hewa iliyokandamizwa ndani ya silinda inahitaji nyingi zaidi. Ndiyo maana cheche dhaifu inaweza kuruka hapa nje ukaiona kwa macho yako, halafu ndani ikashindwa.

Mtoni: koili mpya, cheche hakuna

Plagi ya mjomba ilikuwa imelowa chapachapa. Tukajaribu cheche: hakuna. Tukarudia na plagi ya zamani: hakuna. Kwa dakika mbili tu tulikuwa tumeondoa tangi, koki, bomba na kabureta kwenye orodha. Tatizo letu lilikuwa umeme.

Kumbuka, koili ilikuwa mpya. Koili ya zamani bila cheche, koili mpya bila cheche. Matokeo hayo peke yake yalikuwa yanasema kitu, ila hakuna aliyeyasikiliza. Kama umebadilisha kifaa na dalili ikabaki ileile, kuna uwezekano mkubwa kifaa cha zamani hakikuwa na kosa.

Hapa inabidi ujue injini ndogo inazimwaje. Watu wengi wanadhani ukizima swichi unakata waya, kama taa ya nyumbani. Ni kinyume chake. Koili ina waya mwembamba wa kuzimia, na swichi ya kuzima inauunganisha waya huo na chuma cha injini. Umeme unapata njia rahisi ya kupotelea kwenye chuma, plagi haipati kitu, injini inazima. Kwa hiyo chochote kitakachougusisha waya huo na chuma kitaiua cheche. Panya akitafuna ganda la waya, imekufa. Swichi ikiingia kutu vibaya, imekufa. Na koili yako ni nzima kabisa.

Tukaufuata waya. Ulikuwa unagawanyika njia mbili: moja kwenda kwenye swichi, nyingine kushuka chini kwenye tumbo la injini. Tukachomoa wa swichi, tukavuta: hakuna cheche. Tukaurudisha, tukachomoa ule wa chini, tukavuta.

Tak. Bluu.

Ule waya wa chini unatoka kwenye sensa ya oili. Ndani ya injini nyingi za namna hii kuna boya dogo linaloelea juu ya oili. Oili ikipungua, boya linashuka, linaugusisha waya wa kuzimia na chuma, injini inakataa kuwaka. Imewekwa makusudi: injini isiyo na oili inaweza kuungua pistoni muda si mrefu, na hapo si suala la 45,000 tena.

Mjomba akafungua kifuniko cha oili. "Si hii hapa, oili ipo!"

Ilikuwepo, ndiyo. Lakini tazama pampu imekaa wapi. Ilikuwa imeinama kuelekea mtoni, upande mmoja juu, mwingine chini. Oili yote ilikuwa imekimbilia upande wa chini, na boya lilikuwa upande wa juu, limening'inia hewani. Injini ilikuwa inaamini haina oili.

Hapo ndipo nikakumbuka: "Niliishusha tu huku chini kidogo." Kimsingi mjomba alikuwa sahihi kuishusha. Pampu haivuti maji kwa mkono; inapunguza hewa ndani ya bomba, na shinikizo la hewa ya nje ndilo linalosukuma maji yapande. Kwa hesabu, shinikizo hilo linaweza kupandisha maji mita 10 hivi tu, na kwa vitendo mita 7 au 8. Mto ukishuka, pampu lazima iufuate. Ila aliifuatisha kwenye mteremko.

Tukachimba kidogo kwa jembe, tukatandaza mawe na ubao, pampu ikakaa sawa. Tukaongeza oili robo kikombe hivi mpaka ikafika kwenye mdomo wa tundu, tukaurudisha waya wa sensa mahali pake. Petroli ilikuwa imezidi kwenye silinda, kwa hiyo tulifunga koki, tukafungua choki na kufungulia mafuta mpaka mwisho, tukavuta mara kadhaa ili hewa ikaushe ndani. Koki ikafunguliwa. Mvuto wa pili, ikawaka.

Usifanye kosa la kuacha waya wa sensa umechomolewa eti kwa sababu "sasa inawaka". Kuuchomoa ni kipimo tu, haikuwa dawa.

Handeni: cheche ipo, petroli haifiki

Habari za ushindi husafiri haraka. Kesho yake binamu yangu akapiga simu kutoka Handeni. Ana kibanda cha kinyozi na kuchaji simu, na jenereta anayoitumia umeme ukikatika. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na wateja walikuwa wameshaanza kuhamia kwa jirani.

"Kaka, na yangu haiwaki. Niongeze oili tu, si ndiyo?"

Hapa pana mtego ambao hata watafiti tunauingia: jibu lililofanya kazi jana linataka kufanya kazi na leo. Dalili ilikuwa ileile, injini inazunguka haiwaki. Lakini dalili moja ina wazazi wengi.

Nikapanda gari, kilomita 65 hivi za lami kutoka Korogwe. Nikaanza na swali la historia, safari hii nikasikiliza.

"Mara ya mwisho iliwaka lini?"

"Mwezi wa sita, au wa saba."

"Na petroli?"

"Ileile. Sijaigusa."

Miezi sita au saba. Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa kemikali nyingi, nyepesi na nzito. Zile nyepesi ndizo zinazogeuka mvuke upesi na kuiwasha injini ya baridi, na ndizo zinazotoroka kwanza ikikaa, hasa kwenye joto. Zinazobaki, baadhi zinaungana na oksijeni ya hewa na kugeuka gundi ya kahawia, yenye harufu kama ya rangi ya zamani. Na sehemu nyembamba kuliko zote katika njia ya petroli ni jeti ya kabureta, kitundu ambacho upana wake haufiki milimita 1. Gundi ikipata mahali pa kukaa, itakaa hapo.

Lakini hiyo ilikuwa dhana tu, na dhana nilishaiuzia familia yangu plagi moja. Tukapima.

Plagi: kavu. Cheche: bluu, safi. Basi si umeme na si oili. Tukalegeza bolti ya kumwagia chini ya bakuli la kabureta: petroli ikatoka vizuri, imegeuka rangi. Basi tangi, koki na bomba viko sawa. Kilichobaki ni kati ya bakuli na silinda.

Kipimo cha mwisho: tukadondosha petroli mpya, nusu kijiko cha chai, kwenye tundu la plagi, tukarudisha plagi, tukapeleka chupa ya petroli mbali, tukavuta. Ikanguruma sekunde mbili, ikafa. Hiyo kauli iko wazi: nilishe, nitafanya kazi.

Tukafungua kabureta, tukatoa jeti. Ukiielekeza juani, kitundu hakipitishi mwanga. Tukaisafisha kwa petroli mpya na unyuzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Shaba, si sindano wala waya wa chuma; jeti ni laini, chuma kitapanua kitundu na uwiano wa petroli utaharibika moja kwa moja. Tukamwaga petroli yote ya zamani, tukaweka mpya. Ikawaka.

Gharama: petroli lita mbili, na nauli yangu.

Kuzuia hili ni rahisi kuliko kutibu. Ukijua mashine itapumzika kwa wiki kadhaa, funga koki ikiwa inanguruma na uiache ijizime yenyewe. Bakuli la kabureta litabaki tupu, na jeti haitakuwa na cha kugandisha.

Kama cheche ipo na petroli ipo

Hapo geukia mgandamizo. Vuta kamba taratibu. Kuna mahali inapokuwa nzito, kisha inalegea. Kama ni nyepesi mwanzo mwisho, kuna mvujo. Angalizo: baadhi ya injini zina kifaa kinachofungua valvu kidogo wakati wa kuvuta ili kukupunguzia uzito, kwa hiyo wepesi peke yake si ushahidi kamili.

Ongeza kipimo. Mimina kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, vuta mara mbili tatu, rudisha plagi, vuta tena. Kamba ikiwa nzito zaidi kuliko mwanzo, oili imeziba mvujo pembeni ya pistoni, na ringi ndizo zimechoka. Isipobadilika, shuku valvu au gasketi. Hii sasa ni kazi ya fundi, lakini unakwenda kwake na jibu mkononi: "Cheche ipo, petroli inafika, mgandamizo hakuna." Fundi mzuri atakuheshimu, na mbabaishaji atajua amekutana na mtu aliyekwisha kupima.

Na petroli yenyewe ni petroli?

Vijijini tunanunua petroli ya chupa, na si kila chupa ina ilichoandikiwa. Uchakachuaji wa mafuta ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA ilianza mpango wa kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili yasiwe na faida kuchanganywa.

Kipimo cha nyumbani: dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi inakauka upesi na karibu haiachi alama; mafuta ya taa yanaacha doa la mafuta. Tofauti inatokana na mvuke. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi kali chini ya sifuri, mafuta ya taa yanahitaji nyuzi 38 au zaidi. Maji nayo yanajulikana kirahisi: weka petroli kwenye chupa angavu, iache itulie. Maji ni mazito, yatakaa chini, na utauona mstari.

Usife kwa ajili ya pampu

Usinyonye petroli kwa mdomo kupitia bomba. Ikiingia kwenye mapafu, hata kidogo, inaweza kuua. Usijaze tangi injini ikiwa ya moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kusafiri mpaka kwenye jiko la mkaa au sigara iliyo mbali na wewe. Na jenereta usiiwashe ndani ya chumba wala kibanda kilichofungwa, hata mvua ikinyesha. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inakulaza kabla hujajua kuna tatizo. Ya binamu sasa inakaa nje, nyuma ya kibanda, chini ya bati lake yenyewe.

Kwa mjomba, nyanya zilipata maji saa nne asubuhi. Miche kama thelathini hivi ilikuwa imeshalala na haikuinuka. Mingine yote ilisimama jioni. Yale mawe na ubao bado yapo ukingoni, na kila mto unaposhuka anayahamisha kwanza yeye mwenyewe, kisha ndiyo anashusha pampu. Koili ya zamani, nzima kabisa, iko kwenye kopo la misumari chini ya kitanda. Akipita mtu na pampu iliyogoma, mjomba hamuuzii. Anamuuliza, "Tangu iwake mara ya mwisho, umebadilisha nini?"